Mama Pasi na Mgeni wa Nne

Jina lake halisi wanalijua mumewe, binti yake na karani wa benki. Mtaa mzima humwita Mama Pasi, na hata yeye akipokea simu husema, "Mama Pasi hapa," kama vile alizaliwa na waya wa umeme mkononi. Ni dobi wa miaka ishirini na sita. Shuka za nyumba za wageni, makoti ya madaktari, suti za mabwana harusi, vyote vimepita juu ya meza yake ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu. Shati likitoka kwake, kola husimama wima hata kama haina shingo ndani yake.

Sifa yake ya pili ni sauti. Enzi za kumlea binti yake wa pekee, majirani walijua saa kwa kumsikiliza. "Hujaamka tu?" ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. "Soksi nyingine iko wapi?" ilikuwa saa moja kasoro robo. Mumewe, ambaye ni fundi saa na ana meza yake ya kazi pale barazani, alikuwa akilalamika kwamba mkewe anamharibia biashara, maana katika mtaa kama huo nani atahangaika kutengeneza saa. Kisha binti akaolewa mbali, akaondoka na masanduku mawili, na nyumba ikanyamaza. Mama Pasi aliendelea kupiga pasi kama kawaida, lakini hakuwa na mtu wa kumfokea, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka watu wajue. Mume hafokeki. Ukimfokea anaongeza sauti ya redio.

Ndipo aliposikia habari za shirika lililokuwa likileta vijana kutoka nchi za mbali, wale waliomaliza sekondari na kujipa mwaka mmoja wa kuzunguka dunia kabla ya kuingia chuo. Walikuja kikundi, wanane au tisa kwa mara moja, wakakaa miezi mitatu, kila mmoja katika nyumba ya familia. Mchana walijitolea: walipaka rangi wodi ya watoto, walipanga vitabu vya maktaba ya shule, walifundisha hesabu. Jioni walirudi nyumbani kwa mama na baba waliopangiwa. Wifi yake Mama Pasi, dada wa fundi saa, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili, alikuwa wa kwanza kupokea mgeni, na Mama Pasi hakukubali kuachwa nyuma. Chumba cha binti kilikuwepo, kitupu, na kitanda kimetandikwa.

Mratibu wa shirika, mwanamke kijana mwenye faili chini ya kwapa, alikuja kukagua chumba na kueleza masharti. Sharti kubwa lilikuwa moja. Mgeni aishi kama familia inavyoishi, wasibadilishe kitu kwa ajili yake. Mama Pasi alitabasamu kwa adabu. Alijua maneno ya kistaarabu akiyasikia. Ni kama yule anayekwambia usijisumbue na chai, naye ameshavua viatu na kukaa kitako.

Kwa hiyo alibadilisha kila kitu. Alinunua pazia jipya, akatoa vikombe vya kioo ambavyo hata siku ya posa ya binti yake havikutoka kabatini. Fundi saa alipigwa marufuku kukaa na singlendi mbele ya mgeni, na redio ya mpira ikahamishiwa stoo. Chakula cha mgeni kilipelekwa sebuleni kwenye trei yenye kitambaa, wakati wenye nyumba wakila jikoni, baadaye, kwa kunong'ona. Mgeni akisimama kuchukua sahani yake, Mama Pasi alikuwa ameshafika. Mgeni akiuliza kama anaweza kusaidia, jibu lilikuwa hilo hilo moja, "Kaa mwanangu, umechoka." Na juu ya yote, hakumpandishia sauti hata kidogo. Mbele ya mgeni alizungumza kwa sauti nyororo ambayo mumewe alikuwa hajaisikia tangu siku za uchumba, na ilimtia wasiwasi.

Wageni watatu walipita hivyo, kikundi baada ya kikundi. Siku ya kuondoka kila mmoja alimpa mkono, akamshukuru sana, akampa zawadi ya sabuni yenye harufu nzuri iliyofungwa utepe. Dobi kupewa sabuni. Mama Pasi aliipokea na kutabasamu, lakini macho yake yalikuwa upande wa pili wa basi, kwa wifi yake.

Kwa maana wifi hakuwa na pazia jipya. Wifi aliwapa wageni wake kisu na vitunguu siku ya kwanza, aliwatuma dukani, aliwasema wakichelewa, na aliwahi kumwambia kijana mmoja mbele za watu kwamba anaoga kama anayeogopa maji. Na hao hao, siku ya kuondoka, walimng'ang'ania shingoni wakimwaga machozi mpaka dereva alipiga honi mara tatu. Mama Pasi aliyaona hayo kwa macho yake na hakuyaelewa. Yeye aliyetoa vikombe vya kioo aliambulia sabuni, na yule wa vitunguu akaliliwa kama marehemu.

Baada ya mgeni wa tatu, mratibu alikuja peke yake. Akaamkia, akakaa, akafungua faili taratibu, kama daktari mwenye majibu mabaya. Kila mgeni hujaza fomu, akasema, na wageni wote watatu wa nyumba hii wameandika kitu kimoja. Nyumba safi, chakula kizuri, mama mpole sana. Halafu wameandika kwamba walijiona kama wako hotelini. Mmoja ameandika alikuwa mpweke. Mratibu alisema kwa upole kwamba nyumba za kupokea wageni ni chache kuliko wageni, lakini ofisi imeamua, na mgeni wa nne akiandika hivyo hivyo itabidi nyumba hii iondolewe kwenye orodha.

Mama Pasi alimsindikiza hadi mlangoni, akarudi, akapiga pasi shuka ile ile mara mbili. Aibu ilimshika. Si kwamba alihitaji sana wageni, alijiambia, na hapo hapo akajua anajidanganya. Alikihitaji kile chumba kiwe na mtu. Alitaka asikie miguu ikitoka bafuni asubuhi. Na kuambiwa yeye, mtoto wa mama yake, hajui kukaa na mgeni, hilo lilimkata maini.

Alimpigia binti yake simu. Binti alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Mama, mimi ulinifokea miaka ishirini na mbili na bado nakupigia kila Jumapili," akasema. "Si umfokee tu."

"Mtoto wa watu nimfokee kwa kosa gani?"

Mgeni wa nne alifika mwezi uliofuata na kikundi cha vijana tisa, wote wamevaa fulana za shirika, rangi ya chungwa, za kuonekana kutoka mwisho wa barabara. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mrefu kupita kiasi, aliyelazimika kuinama kwenye kila mlango wa nyumba ile. Siku ya pili mtaa ulishampa jina la Ngongoti, na alipoelezwa maana yake kwamba ni yule mchezaji wa miti mirefu miguuni, alilipenda akaanza kuliitikia. Alikuwa amesoma lugha miezi kadhaa kabla ya kuja, na alizungumza polepole lakini kwa ukamilifu, kama anayesoma barua ya serikali.

Mama Pasi alikuwa amekula kiapo cha kubadilika, na kweli alijaribu. Jioni ya kwanza aliita kutoka jikoni kwa sauti iliyoanza vizuri, "Njoo hapa," na binti alipotokea mbio mbio, mdomo ukagoma. "Njoo hapa... ukae, mwanangu." Siku ya tatu alimkabidhi kisu na kitunguu kimoja, akamtazama anavyokishika, akamnyang'anya kabla hajajikata. Trei ikarudi sebuleni na kitambaa chake. Vikombe vya kioo navyo vikarudi.

Kulikuwa na jambo moja lililomwasha ulimi kila siku ya Mungu. Ngongoti akitoka kuoga asubuhi alilitupa taulo lake, limelowa chepe chepe, juu ya kitanda kilichotandikwa, akaenda zake maktaba. Shuka lililopigwa pasi na Mama Pasi mwenyewe. Binti yake angefanya hivyo, mtaa mzima ungejua ni saa moja na robo. Sasa Mama Pasi alilichukua taulo kimya kimya, akalipeleka uani, na alipohakikisha hakuna mtu, akalifokea taulo lenyewe. Fundi saa alimkuta siku moja katikati ya hotuba.

"Mke wangu," akamwambia, "hilo halisikii. Mwenye masikio yuko maktaba."

Wiki nne zikapita hivyo. Ngongoti alizidi kuwa mpole na kuzidi kuwa kimya. Alikula sebuleni akitazama ukuta, na kutoka jikoni zilimfikia sauti za watu wawili wanaojibana wasicheke. Jioni nyingine alitoka akaenda kwa wifi, na Mama Pasi, kwa kuchungulia juu ya ukuta wa uani, alimwona amekaa kwenye kigoda, magoti yakimgusa kidevu, anamenya viazi vya wifi na kucheka. Mama Pasi alishuka kwenye ndoo aliyokuwa amesimamia, akarudi kwenye pasi yake. Mratibu angekuja na fomu ya kwanza Jumatatu ya wiki ya sita. Hesabu ilikuwa mbaya.

Jumamosi ya wiki ya tano ililetwa kazi kubwa. Chuo cha uuguzi kilituma sare kumi na nane nyeupe za wanafunzi waliokuwa wanahitimu Jumatatu. Mama Pasi alizitenga kwenye beseni peke yake, akagundua wanga umekwisha, akatoka kwenda kuununua. Fundi saa alikuwa barazani na saa ya mteja imefunguliwa tumbo. Na Ngongoti, ambaye Jumamosi hakuwa na zamu, alitoka chumbani akaliona beseni.

Akaona bahati yake imefika. Mama hayupo wa kumwambia akae. Akajaza maji ya moto, akamwaga sabuni, akazama hadi kwenye viwiko. Kwao nguo hufuliwa na mashine, zote kwa pamoja, na mashine haiulizi rangi. Na kwa kuwa alikuwa anafua, hakuona sababu ya kuiacha fulana yake ya shirika, ile ya rangi ya chungwa.

Mama Pasi aliporudi na pakiti zake za wanga alikuta sare kumi na nane zimetandazwa ukingoni mwa beseni, na zote zina rangi ya papai. Kando yake amesimama Ngongoti, maji yanamtiririka, ameinamisha kichwa, na mkononi ameshika fulana iliyoharibu kila kitu.

Pakiti za wanga zilianguka. Halafu ikatoka ile sauti.

"Wewe mtoto, nani alikutuma? Nauliza, nani alikutuma? Nguo nyeupe na rangi ya chungwa beseni moja, macho yako umeyafungia kabatini? Keshokutwa watoto wa watu wanavaa hizi mbele ya wazazi wao, wasimame pale kama wamemwagiwa juisi? Na maji ya moto juu yake. Umeipika hiyo rangi, umeipika ikaiva. Na taulo. Wiki tano naanika taulo lako kama mimi ndiye niliyeoga. Kitanda ni kamba? Nakuuliza, kitanda ni kamba?"

Barazani, fundi saa alizima redio ndogo ya mezani kwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika ndoa nzima. Kichwa cha wifi kikachomoza juu ya ukuta na kubaki hapo. Jirani mmoja aliitazama saa yake bila kujua kwa nini.

Ngongoti alikuwa analia. "Samahani, mama," akasema. "Nilitaka kufanya kazi. Kwa wifi yako kuna kazi ya kufanya. Hapa mimi ni kama picha ya ukutani. Unanifuta vumbi tu."

Maneno hayo yalimwingia Mama Pasi mahali pake. Alimtazama yule mtoto mrefu, pua nyekundu, mikono imekunjamana kwa sabuni ya kazi aliyoikosea, na akaona kwa mara ya kwanza alichokuwa amewafanyia wale watatu waliotangulia. Huruma ilimjaa. Lakini sare zilikuwa kumi na nane, na huruma haiondoi rangi.

"Kulia hakusaidii," akasema. "Jikaze kisabuni. Hiyo fulana ipeleke nisipoiona. Chukua gauni langu la kazi nyuma ya mlango, uje na ndoo mbili."

Gauni lilimfika magotini, na wifi juu ya ukuta alicheka hadi akajishika mdomo. Mama Pasi hakucheka. Alikuwa na haraka, na alifundisha kwa kufoka, kama anavyojua. Rangi huondoka nguo ikiwa bado mbichi, ikikauka umekwisha. Maji baridi. Dawa ya kung'arisha kifuniko kimoja, si mkono wako, kifuniko. Suuza. Usikamue kama unamnyonga mtu. Suuza tena. Walisuuza mara nne, na kila mara maji yalitoka na rangi hafifu zaidi. Mara ya tano Mama Pasi alidondosha buluu kidogo, ile ya kuifanya nguo nyeupe iwe nyeupe kweli, na walipozitundika sare juani zilikuwa nyeupe, zote isipokuwa moja iliyogoma kwenye upindo wa chini. Upindo huo aliukunjia ndani akaushona, na muuguzi mwenye sare hiyo akahitimu amevaa fupi kidogo kuliko wenzake.

Jioni hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuandaa trei. Walikula jikoni wali na maharage, watu watatu kwenye sufuria moja, Mama Pasi na Ngongoti wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Fundi saa alitokea na singlendi yake, akatazama huku na huku kama mtu aliyetoka kifungoni, na alipoona hakuna anayemkataza alikaa akaongeza maharage. Kesho yake, Jumapili, Ngongoti alifundishwa kupiga pasi: kola kwanza, kisha mabega, mikono, mwili mwishoni. Aliharibu mbili, akafokewa, akazirudia. Ya tatu ilisimama yenyewe.

Lakini Jumatatu asubuhi Mama Pasi aliamka roho juu. Joto la kazi lilikuwa limekwisha, na sasa alikumbuka alichofanya. Alikuwa amempandishia sauti mgeni, mtoto wa watu aliyevuka bahari, tena mtaa mzima ukisikia. Hotelini walau hawafoki. Mratibu alifika saa nne, akaketi barazani na Ngongoti, wawili peke yao kama taratibu zinavyotaka, na Mama Pasi akabaki ndani akipiga pasi foronya, masikio yamemsimama. Hakusikia kitu. Alisikia kalamu tu.

Kisha mratibu akaingia na fomu mkononi, uso umekunjamana.

"Mama, naomba unisaidie, maana sielewi," akasema. "Hapa fomu inauliza, jambo gani limekusumbua katika nyumba hii. Ameandika: Jumamosi nilifokewa."

Mama Pasi alisimama palepale. "Ni kweli," akasema. "Nilimfokea. Sitakudanganya."

"Subiri, mama. Hapa chini inauliza, siku gani ulijiona uko nyumbani. Ameandika tena: Jumamosi nilifokewa. Nikadhani amekosea mstari. Nimemuuliza mara mbili, anasema hajakosea."

Mama Pasi alifungua mdomo, na ile sauti iliyojulikana mtaa mzima haikutoka. Ilitoka harufu ya kuungua. Foronya ilikuwa imetoboka, na blanketi la kijivu chini yake likapata alama ya pasi, ya kwanza katika miaka ishirini na sita. Ipo mpaka leo. Wateja wakiiuliza hujibu kwamba ni ya kazi.

Wiki saba zilizobaki zilikwenda mbio. Vikombe vya kioo vilirudi kabatini na redio ya mpira ikatoka stoo. Majirani walijua tena saa. "Ngongoti, hujaamka tu?" ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na saa moja na robo, bila kukosa, lilitajwa taulo. Kwa maana hilo Ngongoti hakuliacha. Alijifunza kola, alijifunza wanga, lakini taulo alilitupa kitandani mpaka wiki ya mwisho, na Mama Pasi hakujua kama ni usahaulifu au ni makusudi, na wala hakutaka kujua.

Siku ya kuondoka basi lilisimama mbele ya maktaba, na familia zote zilikuja. Wifi alikuwa amejiandaa na leso mbili. Mgeni wake alianza kulia kabla hata mizigo haijapandishwa, na wifi alimtupia Mama Pasi jicho la ushindi juu ya bega la kijana. Ngongoti hakulia. Alikuja akitabasamu, akamuaga fundi saa, kisha akainama, akainama tena, mpaka mdomo wake ulipofika sikioni kwa Mama Pasi.

"Mama," akasema, "leo taulo nimelianika."

Basi likaondoka, na Mama Pasi akalia. Alilia kwa sauti ile ile anayofokea, mpaka vijana waligeuka madirishani na wifi akaacha kumpungia mgeni wake akaja na leso zote mbili. Walipofika nyumbani alipitiliza moja kwa moja hadi uani. Taulo lilikuwa kwenye kamba, limenyooshwa pembe kwa pembe na kubanwa vibanio viwili. Lilikauka saa sita mchana, naye hakuliondoa mpaka kesho yake.